Fuata elektroni: mwongozo kamili wa vimeng'enya vya upumuaji ndani ya mitokondria

Mwili wa mtu mzima hubeba gramu 50 hadi 100 hivi za ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kwa wakati mmoja. Kwa siku nzima, hata hivyo, hutumia ATP inayokadiriwa kukaribia uzito wake mwenyewe. Kila molekuli inavunjwa na kuundwa upya mamia ya mara kabla jua halijazama, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kwenye utando wa ndani wa mitokondria, mikononi mwa vimeng'enya vitano vikubwa tunavyoviita Kompleksi ya Kwanza hadi ya Tano.

Wanafunzi wengi wa kidato cha sita na wa mwaka wa kwanza vyuo vya afya huzikariri kompleksi hizi kwa majina, wakaandika mtihani, na wiki mbili baadaye hakuna kilichobaki. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Shika elektroni mbili tangu zinapotoka kwenye chakula, usiziache mpaka zifike kwenye oksijeni, na katika kila kituo uliza ni sumu gani inaweza kuzikwamisha hapo. Sumu ndizo zilizowaonyesha watafiti mpangilio wa mnyororo huu, na kwa maoni yangu bado hakuna njia nzuri kuliko hiyo ya kuufundisha.

Andaa karatasi kubwa, penseli na kifutio. Utachora kadiri unavyosoma, na mchoro huo utakuwa na kazi mpaka mwisho.

Hatua ya 1: Chora utando kabla ya kitu kingine

Mitokondria ina tando mbili. Wa nje una matundu ya protini yanayopitisha molekuli ndogo bila shida. Wa ndani ni mkali: hata protoni, yaani H+, haipiti isipokuwa kupitia protini maalumu. Utando huu wa ndani umejikunja mikunjo mingi ili kuongeza eneo, ndiyo maana mitokondria za misuli ya moyo zimejaa mikunjo kuliko za seli zisizofanya kazi nzito.

Chora mistari miwili mirefu ya mlalo iwe huo utando wa ndani. Juu yake andika "nafasi kati ya tando", chini yake andika "matriksi". Matriksi ndiko mzunguko wa Krebs, yaani mfululizo wa athari za kemikali unaomalizia kuvunja chakula, unakofanyikia. Kuanzia sasa kila protoni utakayoichora iwe na mshale unaoonyesha imetoka upande gani na inaelekea wapi. Makosa mengi ya mtihani yanaanzia hapa: mtu anajua protoni zinasukumwa, ila hajui kama zinatoka ndani kwenda nje au kinyume chake. Zinatoka matriksi kwenda juu.

Hatua ya 2: Andika ngazi ya volti pembeni ya karatasi

Elektroni haziamrishwi na mtu kwenda kwenye oksijeni. Zinateremka kutoka kwa molekuli inayozishika kwa ulegevu kwenda kwa ile inayozishika kwa nguvu. Kipimo cha nguvu hiyo ni volti. Kushoto mwa karatasi andika kutoka juu kwenda chini majina haya (NADH ni molekuli inayobeba elektroni zilizotoka kwenye chakula; mengine utakutana nayo mbele):

NADH: −0.32
Suksinati: +0.03
Ubikwinoni: karibu +0.05
Sitokromu c: karibu +0.25
Oksijeni: +0.82

Kutoka NADH hadi oksijeni kuna tofauti ya volti 1.14. Zidisha kwa elektroni 2, halafu kwa namba ya Faraday, 96.5. Unapata kilojuli 220 kwa kila moli ya NADH. Moli moja ya ATP inahitaji kilojuli 30.5 katika hali sanifu, na ndani ya seli hai inakaribia 50. Kwa hiyo nishati ipo ya kutosha zaidi ya ATP moja, mradi isiachiwe kwa mkupuo. Mnyororo mzima umejengwa ili kuichukua kwa vipande.

Tazama pia pengo kati ya suksinati na ubikwinoni. Ni dogo mno. Tutalirudia kwenye Kompleksi ya Pili.

Hatua ya 3: Kompleksi ya Kwanza, na utupa wa wavuvi

Hii ndiyo kubwa kuliko zote katika mnyororo. Kwa mamalia ina vipande 45 vya protini na uzito unaokaribia daltoni milioni moja. Umbo lake ni kama buti: shingo ya buti imening'inia ndani ya matriksi, na wayo umelala ndani ya utando. Chora buti lililopinduliwa, shingo ikielekea chini.

NADH inatua karibu na ncha ya shingo na kukabidhi elektroni zake mbili kwa FMN, kisaidizi kinachotokana na vitamini B2. FMN ina kipaji ambacho bila yake mnyororo usingekwenda: inapokea elektroni mbili kwa pamoja na kuzitoa moja moja. Baada ya FMN kuna vishada vya chuma na salfa, vinane kwa jumla kwa mamalia, na saba kati yake vimepangwa mstari mmoja kushuka kwenye shingo. Umbali kati ya kishada na kishada haufiki nanomita 1.4 hivi, kwa sababu zaidi ya hapo elektroni haiwezi kuruka kwa kasi inayotakiwa na uhai. Kishada cha mwisho kinaitwa N2. Hicho ndicho kinachompa ubikwinoni elektroni, pale shingo inapokutana na wayo.

Ubikwinoni ni molekuli ndogo yenye mkia mrefu wa mafuta unaoiwezesha kuogelea ndani ya utando. Ikipokea elektroni mbili na protoni mbili kutoka matriksi, inakuwa ubikwinoli. Iandike Q ikiwa tupu na QH2 ikiwa imebeba.

Wakati elektroni mbili zinapita, wayo wa buti unasukuma protoni 4 kutoka matriksi kwenda juu. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Elektroni hazifiki kabisa kwenye sehemu kubwa ya wayo. Zinaishia kwenye kiungo chake na shingo, na protoni zinasukumwa mbali na hapo. Kundi la Leonid Sazanov lilichapisha mwaka 2013 muundo kamili wa kimeng'enya hiki kutoka kwa bakteria Thermus thermophilus, ukaonyesha mstari wa asidi amino zenye chaji na maji unaopita katikati ya wayo wote. Namna hasa msukumo unavyosafiri kwenye mstari huo bado inajadiliwa na watafiti, kwa hiyo usishangae ukikuta vitabu viwili havikubaliani.

Sasa sumu. Mmea wa utupa, Tephrosia vogelii, unajulikana sana Afrika Mashariki. Majani yake hupondwa na kutupwa kwenye kijito au dimbwi, samaki wanalewa na kuelea. Ndani ya utupa kuna rotenoni na jamaa zake. Rotenoni inakaa palepale ubikwinoni inapopaswa kuingia, na N2 inabaki na elektroni isiyo na pa kwenda. Samaki huathirika upesi kwa sababu sumu inaingia moja kwa moja kwenye damu kupitia matamvua. Kwa mtu aliyeila, inafyonzwa vibaya zaidi na ini linaipunguza, lakini si salama, na kuvua kwa utupa kunaua hata viumbe wasiotakiwa. Weka alama ya X nyekundu kati ya N2 na Q, uandike "rotenoni".

Hatua ya 4: Kompleksi ya Pili

Hii ni fupi. Jina lake jingine ni dehidrojenesi ya suksinati, na ndiyo kimeng'enya pekee cha mzunguko wa Krebs kilichoshikamana na utando wa ndani. Ina vipande vinne tu. Suksinati, molekuli ya mzunguko huo, inageuka fumarati, elektroni zinashikwa na FAD, kisaidizi kilichofungwa imara kwenye protini, zinapita vishada vitatu vya chuma na salfa, kisha zinampa Q.

Haisukumi protoni hata moja. Rudi kwenye ngazi ya volti na utaona sababu: kutoka suksinati hadi ubikwinoni mteremko ni mdogo mno kulipia kazi hiyo. Ukikumbuka hilo hutawahi kusahau kwa nini FADH2, yaani FAD iliyobeba elektroni, inaleta ATP chache kuliko NADH.

Kosa la kawaida ni kuchora mshale kutoka Kompleksi ya Kwanza kwenda ya Pili. Hazipokezani. Ni milango miwili tofauti inayoingia kwenye bwawa lilelile la ubikwinoni.

Kizuizi chake ni malonati, molekuli inayofanana mno na suksinati ila imepungua kaboni moja. Inakalia kiti cha suksinati bila kufanya lolote. Ukiongeza suksinati nyingi, malonati inasukumwa pembeni. Tutaliona hilo kwa macho katika jaribio.

Hatua ya 5: Kompleksi ya Tatu, mahali pa kwenda polepole

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa hiyo futa haraka uliyo nayo.

Kompleksi ya Tatu daima hukaa mapacha wawili walioshikana. Kila pacha, kwa mamalia, ana vipande 11, ila vitatu ndivyo vinavyobeba elektroni: sitokromu b yenye hemu mbili (hemu ni kundi lenye chuma linalobeba elektroni), protini ya Rieske yenye kishada cha chuma na salfa, na sitokromu c1. Kuna pia vituo viwili vya ubikwinoni. Kimoja kiko karibu na upande wa juu, tukiite kituo cha kutolea. Kingine kiko karibu na matriksi, tukiite kituo cha kupokelea.

Tatizo linalotatuliwa hapa ni hili: QH2 inabeba elektroni mbili, lakini sitokromu c inayosubiri juu inaweza kubeba moja tu. Ya pili iende wapi? Jibu ni mzunguko wa Q, wazo lililotolewa na Peter Mitchell mwaka 1975. Ligawe katika duru mbili na uzichore kila moja kwenye mchoro wake.

Duru ya kwanza. QH2 inaingia kituo cha kutolea na kuachia protoni zake 2 upande wa juu. Elektroni ya kwanza inakwenda kwa Rieske, ambayo kichwa chake hakikai mahali pamoja: kinainama kuchukua elektroni, kisha kinageuka kuifikisha kwa sitokromu c1, na hiyo inaipa sitokromu c. Elektroni ya pili inashuka kupitia hemu mbili za sitokromu b hadi kituo cha kupokelea, ambako Q inayosubiri inaipokea na kubaki nusu njia, ikiwa na elektroni moja.

Duru ya pili. QH2 nyingine inaingia juu, inaachia protoni 2 zaidi, elektroni moja inakwenda kwa sitokromu c ya pili, na nyingine inashuka kuimalizia ile Q ya nusu njia. Sasa ina elektroni mbili, inachukua protoni 2 kutoka matriksi, inakuwa QH2 na kurudi bwawani.

Fanya hesabu. QH2 mbili zimetumika, moja imerudishwa. Sitokromu c mbili zimepata elektroni. Protoni 4 zimeachwa juu, 2 zimechukuliwa chini. Ukiweza kuirudia hesabu hii bila kuangalia, umemaliza sehemu ngumu kuliko zote.

Sumu iitwayo antimisini inaziba kituo cha kupokelea. Matokeo yake ni mabaya kwa namna ya pekee: elektroni iliyokwama juu inaweza kurukia oksijeni iliyo jirani na kuunda supaoksaidi, mzizi wa kemikali nyingi zinazochubua protini na mafuta ya seli. Dawa ya malaria iitwayo atovakwoni nayo inashambulia Kompleksi ya Tatu, lakini ile ya kimelea cha Plasmodium. Sitokromu b ya kimelea inatofautiana na yetu kiasi cha kuiwezesha dawa kuchagua. Badiliko la asidi amino moja tu katika sitokromu b hiyo linatosha kumpa kimelea usugu, ndiyo sababu atovakwoni hutolewa pamoja na proguanili.

Hatua ya 6: Kompleksi ya Nne, oksijeni na muhogo mchungu

Sitokromu c ni protini ndogo, kwa binadamu asidi amino 104, inayotembea juu ya uso wa utando ikibeba elektroni moja kila safari. Inazifikisha kwenye Kompleksi ya Nne, oksidesi ya sitokromu c. David Keilin alizitambulisha sitokromu mwaka 1925 kwa kutazama mistari ya mwanga inayomezwa na misuli ya wadudu na chachu. Mistari hiyo ilififia na kurudi kadiri oksijeni ilivyoingia na kuisha.

Njia ndani ya kompleksi hii ni: shaba mbili pamoja, halafu hemu a, halafu kituo chenye hemu a3 na shaba nyingine moja uso kwa uso. Katikati ya hivyo viwili vya mwisho ndipo oksijeni inapokaa. Inahitaji elektroni 4 na protoni 4 ili kuwa maji mawili. Hatari ni kuiachia ikiwa imepata elektroni moja, mbili au tatu, maana hizo ni supaoksaidi na ndugu zake. Kimeng'enya hiki kinaishika mpaka imekamilika. Kwa kila oksijeni moja kinasukuma protoni 4 juu, mbali na zile 4 zinazoingia kwenye maji. Kwa hesabu yetu ya elektroni mbili, andika protoni 2.

Sianidi inaishika hemu a3 na kuizibia oksijeni mahali pake. Damu inafika imejaa oksijeni, na seli haiwezi kuitumia. Kaboni monoksaidi, ile ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, nayo inashika hemu hiyohiyo, ingawa madhara yake makubwa ya kwanza yako kwenye himoglobini.

Kwa watu wetu sianidi haiko kwenye chupa ya maabara. Iko kwenye muhogo mchungu, ikiwa imefungwa ndani ya sukari iitwayo linamarini. Ndani ya mmea, linamarini na kimeng'enya kinachoivunja, linamaresi, vimetengwa sehemu mbalimbali za seli. Ukikwangua, ukatwanga au ukaloweka, kuta zinapasuka, vinakutana, na sianidi inatoka kama gesi. Inachemka kwenye nyuzijoto 26 hivi tu. Ndiyo sababu kisamvu hutwangwa vizuri kwanza ndipo kikachemshwa. Anayechemsha bila kutwanga anaua linamaresi kabla haijafanya kazi.

Mwili una kinga yake: rodanesi, kimeng'enya kinachoishi ndani ya mitokondria, kinaifunga sianidi na salfa kuwa thayosianati inayotoka kwa mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye protini za chakula. Mahali ambapo ukame au vita vimewaacha watu na muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, bila samaki, maharage wala nyama, ndipo konzo hutokea: miguu kupooza ghafla bila kurudi, zaidi kwa watoto na kina mama wa umri wa kuzaa. Daktari Trolli aliuandika ugonjwa huu Kongo mwaka 1938, na katikati ya miaka ya 1980 ulizuka Tarime, Tanzania. Njia ambayo sianidi inaharibu neva katika konzo haijathibitishwa kuwa ni kuziba Kompleksi ya Nne peke yake, kwa hiyo usiandike hivyo kwenye mtihani. Sumu ya ghafla ndiyo inayoelezwa hivyo.

Kwa unga wa muhogo unaoutilia shaka kuna njia rahisi aliyoieneza Howard Bradbury wa Australia. Weka unga kwenye bakuli na utie alama usawa wake. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka kwanza kisha utapanda. Acha ukirudi kwenye alama. Utandaze juu ya mkeka, unene usizidi sentimita 1, saa mbili juani au saa tano kivulini. Linamaresi iliyobaki inamaliza kazi na gesi inaondoka. Pika ugali siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Kompleksi ya Tano, na hesabu ya ATP

Mpaka hapa hakuna ATP hata moja iliyoundwa. Kilichopo ni protoni nyingi juu na chache chini, na tofauti ya umeme inayofika milivolti 150 hadi 180 kwenye utando mwembamba mno. Wazo kwamba hiyo yenyewe ndiyo nishati iliyohifadhiwa lilitolewa na Mitchell mwaka 1961, likapingwa kwa miaka mingi, likampa Nobel mwaka 1978.

ATP sinthesi ina sehemu mbili. Fo iko ndani ya utando na ina pete ya protini c, nane kwa mamalia, kumi kwa chachu. F1 imechomoza ndani ya matriksi, ina vipande vya protini, alfa tatu na beta tatu, vilivyopangwa kwa zamu kukizunguka kipande cha katikati kiitwacho gama. Protoni inaingia kutoka juu, inakaa kwenye c moja, pete inasogea, na baada ya karibu mzunguko mzima protoni inatokea matriksi. Pete inazungusha gama, na gama iliyopinda inalazimisha beta tatu zibadilishe umbo kwa zamu: moja inapokea ADP na fosfeti, moja inaziunganisha, moja inaachia ATP. Paul Boyer alilitabiri hilo, John Walker akaonyesha muundo wa F1 mwaka 1994, na mwaka 1997 wakapata Nobel. Mwaka huohuo watafiti wa Japani walibandika uzi wa aktini unaong'aa kwenye gama, wakauona ukizunguka chini ya hadubini.

Hesabu: mzunguko mmoja unahitaji protoni 8 na unatoa ATP 3, yaani protoni 2.7 kwa ATP. Ongeza 1 ya kuingiza fosfeti na kubadilishana ADP na ATP. Kwa kukadiria, protoni 4 kwa ATP moja. NADH inasukuma 4 + 4 + 2 = 10, hivyo ATP 2.5. Suksinati 6, hivyo 1.5. Kwa glukosi moja unapata 30 au 32, kutegemea njia inayoingiza NADH ya nje ya mitokondria. Vitabu vya zamani vinaandika 36 au 38. Mwalimu akisisitiza hivyo, onyesha hesabu yako.

Sumu ya hapa, oligomisini, inaziba Fo. Bedakwilini, dawa ya kifua kikuu sugu, inashika pete ya c ya bakteria wa TB.

Hatua ya 8: Jaribio la moyo wa mbuzi

Jaribio hili linawezekana katika maabara ya sekondari, bila sianidi wala sumu kali. Nunua moyo wa mbuzi au ng'ombe aliyechinjwa siku hiyo, uuweke kwenye barafu.

Katakata gramu 10, osha vipande mara kadhaa kwa maji baridi ili kuondoa suksinati na sukari zilizomo. Saga kwenye kinu kilichopozwa pamoja na mchanga safi na mililita 30 za bafa ya fosfeti, pH 7.4. Chuja kwa shashi. Andaa suksinati ya sodiamu ya molari 0.1 na ya 0.5, na malonati ya sodiamu ya molari 0.02. Ukitumia asidi zenyewe badala ya chumvi, rekebisha pH kwanza. Bila hivyo utapima athari ya tindikali ukadhani ni kizuizi.

Kila mrija uwe na mililita 2 za mchujo:

A: mililita 1 ya suksinati 0.1, mililita 1 ya maji.
B: mililita 2 za maji.
C: kama A, ila mchujo umechemshwa.
D: mililita 1 ya suksinati 0.1, mililita 1 ya malonati.
E: mililita 1 ya suksinati 0.5, mililita 1 ya malonati.

Tia kila mmoja matone 5 ya bluu ya methilini yenye nguvu ya asilimia 0.01, tikisa taratibu, kisha funika kwa sentimita 1 ya mafuta ya kula. Weka kwenye maji ya nyuzijoto 37 na uandike muda ambao bluu inapotea.

Bluu inapokea elektroni za FAD na kuwa haina rangi. A inafifia kwanza. D inachelewa sana, E inakaribia A, na hapo umeona kwa macho kizuizi kinachoshindana. C inabaki bluu. B inaweza kufifia taratibu. Ikififia upesi kama A, uoshaji ulikuwa hafifu. Sasa ondoa mafuta ya A kwa bomba na utikise: bluu inarudi kuanzia juu, kwa sababu oksijeni ya hewa imechukua elektroni. Usipotia mafuta hutaona chochote, na wengi hulaumu kemikali bila sababu.

Hatua ya 9: Tazama jeni zilikotoka

DNA ya mitokondria ya binadamu ina herufi 16,569, na mfuatano wake kamili ulichapishwa mwaka 1981. Inaandika protini 13 tu: 7 za Kompleksi ya Kwanza, sitokromu b ya Tatu, 3 za Nne, 2 za Tano. Kompleksi ya Pili inatoka yote kwenye kiini cha seli. Nyingine zote zinaagizwa kutoka kiini pia. Kwa kuwa mitokondria tunarithi kwa mama, kasoro za hizo 13 zinafuata ukoo wa mama. Kasoro za zile za kiini zinaweza kutoka kwa baba au mama. Ugonjwa wa Leber unaopofusha vijana, kwa mfano, mara nyingi unatokana na badiliko kwenye nafasi ya 11778, katika kipande kimoja cha Kompleksi ya Kwanza.

Hatua ya 10: Jipime kwa elektrodi ya oksijeni

Chukua mchoro wako uliojaa alama nyekundu. Fikiria mitokondria safi ndani ya chemba iliyofungwa yenye elektrodi ya Clark inayopima oksijeni. Jibu kabla ya kusoma mbele.

Umeongeza glutamati na malati, ambazo huzalisha NADH ndani ya matriksi. Oksijeni inashuka taratibu. Umeongeza ADP, inashuka kwa kasi, kisha inapunguza. Kwa nini? ADP imekwisha, ATP sinthesi imesimama, protoni zimejaa juu na kuzizuia kompleksi kusukuma zaidi. Tuseme uliongeza nanomoli 300 za ADP na zikatumika nanomoli 60 za O2, ambazo ni nanomoli 120 za atomu. 300 kwa 120 ni 2.5, namba ileile ya NADH.

Umeongeza rotenoni, oksijeni imesimama. Ni nini kitakachoiamsha? Suksinati, kwa sababu inaingia kwa mlango wa pili.

Umeongeza antimisini, imesimama tena. Suksinati haisaidii sasa. Askobati (vitamini C) pamoja na kemikali iitwayo TMPD itasaidia, maana TMPD inampa elektroni sitokromu c moja kwa moja, chini ya mahali palipozibwa. Ukiongeza sianidi baada ya hapo, hakuna kitakachoiamsha.

La mwisho, kwenye chemba mpya yenye suksinati na ADP. Umetia oligomisini na oksijeni imepungua kasi sana. Kisha umetia DNP, kemikali inayobeba protoni kuvuka utando kwa uhuru, iliyouzwa Marekani miaka ya 1930 kama dawa ya kupunguza unene na kuua watu kwa joto la mwili. Oksijeni inashuka kwa kasi kuliko mwanzo. Mnyororo wote unafanya kazi, kila kompleksi inasukuma, protoni zinarudi matriksi bila kupita kwenye pete, na hakuna ATP hata moja inayoundwa. Nishati yote inatoka kama joto.